Ndoo ya Dobi

Mimi ndiye niliyepiga kinanda, Jacksonville,
kwenye jumba la sinema la Bwana Pruitt,
miezi kumi na minne, senti arobaini kwa usiku,
nikiingilia mlango wa makaa.
Shingo yangu hadi leo imepinda kushoto
kwa kutazama kitambaa kutoka chini, ubavuni,
mahali ambapo kila mtu ni mwembamba kama mwiko.

Picha zilikuwa bubu. Sauti ilikuwa mimi.
Mtu akianguka, vidole vyangu vinaanguka naye.
Akipigwa teke, nagonga vibao vyeusi vya mwisho.

Na wa kuanguka, siku zote, alikuwa Delbert Crane.
Sanduku lake la rangi lilikuwa zito kama la seremala.
Wiki hii Mchina, mkia wa nywele umeshonewa kofiani.
Wiki ijayo Mhindi Mwekundu, manyoya ya bata mzinga.
Kisha akachoma kizibo cha chupa,
akajipaka masizi, akabakiza midomo mipana, myeupe,
akawa sisi.
Dunia nzima ilipanga katika uso wa mtu mmoja wa Ohio;
wenye nyuso zao walisimama nje ya lango
wakingoja kuitwa kubeba ngazi.

Odessa Tibbets aliitwa. Si yeye: beseni lake.
Alikuwa dobi wa LaVilla, na walitaka vyombo,
beseni, ndoo mbili, kamba yenye mashuka.
Akasema vyombo vyake haviendi matembezi peke yao.
Basi wakamlipa dola moja na nusu.
Mwizi wa kuku atapita mbio, wakamwambia, ummwagie.
"Nimmwagie kiasi gani?"
Mwongozaji hakugeuka. "Yote."

Odessa alikuwa na mikono ya kukamua mablanketi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Masizi nayo hayazoleki.
Yalishuka shavuni kwa Delbert kama uji unaofurika,
na chini yake, waridi, likiwa limekodoa macho,
shavu la mtu aliyezaliwa kwenye theluji.
Jua lilikuwa linazama, utepe ni ghali,
mwongozaji akasema ni kufumba na kufumbua,
nani ataona?

Chini, kwenye viti vya mahameli, walicheka alipoteleza.
Wakacheka, wakamaliza, wakapenga pua.
Halafu, juu, kwenye roshani ya mbao
tulikopandishwa kwa ngazi za nje,
ndipo kicheko kilipoanza.
Kilichelewa nusu sekunde. Hakikuwa ndugu wa kile cha chini.
Kilikuwa kizito, kina miguu, kilikanyaga mbao,
vumbi likanidondokea kwenye vibao na kwenye nywele.
Watu wa chini wakatazama juu:
wanacheka nini hawa, na mtu keshaanguka?

Usiku wa pili nilijua. Maji yaliporuka
niliinua mikono yote miwili kwenye kinanda
nikawaachia ukimya, upana wa kiti kimoja.
Wakaujaza.

Usiku wa tisa Bwana Pruitt alipanda na mkasi.

Lemuel wa mtambo aliniokotea kile kipande sakafuni,
picha ishirini na mbili, urefu wa kiganja na kidogo.
Nikakitia kwenye kopo la ugoro la mama yangu,
nikaenda nacho LaVilla Jumapili.
Odessa hakuwa ameiona filamu ile hata mara moja,
maana jioni za sinema ni jioni za pasi.
Mle kwenye maandishi aliitwa Dobi, kwa herufi ndogo.

Akakiinua dirishani, jicho moja kalifumba.
Nikasubiri.
"Kamba yangu imelegea pale," akasema,
akanirudishia, akachukua shuka jingine.

Nilikuwa nimeshafunga kopo, nimefika mlangoni,
ndipo nikamsikia nyuma yangu,
amechelewa, kama watu wa juu,
mbao za sakafu zikitikisika.